Uwanja Walioushindilia Mama Zetu

Mimi nimezaliwa uwanja wa ndege. Usicheke. Sikuzaliwa ndani ya ndege, wala safarini kama watoto wa wenye nazo. Nimezaliwa juu ya rundo la mchanga, kando ya njia ya ndege ambayo jeshi la Mwingereza liliwaajiri mama zetu kuishindilia wakati wa Vita vya Pili, huko nyuma ya Msambweni, ukishaiacha minazi na kuanza kuingia kwenye mikorosho. Mtu akinibishia jambo hili hata leo, na uzee wangu huu, namkalisha chini nimweleze mpaka akome.

Mamangu alikuwa mpiga sakafu. Zamani zile nyumba ya mawe haikumalizwa na fundi peke yake. Fundi alimwaga kokoto, mchanga na chokaa, kisha wakaja wanawake na vipande mkononi. Sisemi kile kipande cha mkoloni cha kutembea nacho shingoni. Nasema kigogo kizito chenye mpini, cha kushindilia. Walipiga kwa wimbo, bega kwa bega, siku nenda siku rudi, mpaka sakafu ikagongwa ikalia kama chungu kilichoiva. Asiyejua kuimba hakuchukuliwa, kwa sababu wimbo ndio uliokuwa ukiwaweka pamoja. Mmoja akipiga nje ya mahadhi, sakafu inafanya mawimbi, na mwenye nyumba analalamika mpaka anakufa.

Basi jeshi lilipotaka uwanja kwa haraka, na mvua imeyazamisha matingatinga yao topeni, wakatafutwa wapiga sakafu. Kila kijiji kikapewa sehemu yake ya kushindilia, kijiji hiki kikiishia pale kingine kinapoanza, toka mwanzo wa njia hadi mwisho wake. Mamangu alikuwa na mimba yangu. Uchungu ulimshika mchana kweupe, na msimamizi alikuwa mtu asiyejua kama mwanamke naye ni kiumbe. Mwenye kuweka kipande chini aliambiwa asirudi. Wenzake, wa kwetu na wa sehemu ya jirani, wakamzungushia kanga kama ukuta. Waliobaki wakapaza wimbo, wakapiga kwa kishindo, ili ukelele wa mzazi usisikike. Nikazaliwa. Msimamizi hakujua lolote mpaka aliponisikia nalia mimi, na sauti yangu, alhamdulillahi, tangu siku ile haijapungua.

Vita vikaisha, wanajeshi wakaenda zao na kila kitu chao, hata misumari. Uwanja wakauacha. Nyasi zikaota pembeni, lakini katikati hazikuweza, pamebana mno. Mama zetu hawakupoteza wakati. Wakaanza kuanika mbata za nazi na makopa ya muhogo pale juu, maana utapata wapi sakafu kubwa kama ile bure? Na hakuna aliyewapangia, lakini wanawake wa kila kijiji walianika kwenye sehemu waliyoishindilia wao. Ole wako upitishe kopa moja kwenye sehemu ya wenzako! Ungeuliza, "Hapa pana mpaka gani, mbona sioni?" ungejibiwa, "Wewe hukupiga, utauonaje?" Hivyo ndivyo habari ya uwanja ilivyokaa hai. Haikuandikwa popote, ilianikwa juani kila mwaka pamoja na muhogo.

Uhuru ulipokuja nilikuwa nimeolewa karibuni. Mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli huko Galu, akilala kazini siku nyingi za juma, nami nikirudi kwa mamangu badala ya kukaa peke yangu nikihesabu boriti. Bendera ilikuwa imepanda, watu wana furaha, kila mtu ana mipango. Na katika mipango hiyo, siku moja asubuhi, tukasikia malori.

Tulikwenda mbio. Mwisho wa uwanja, upande wa bara, vijana walikuwa wameshachimba shimo kubwa la kuingia jiko zima, wanapakia kokoto. Aliyewasimamia alikuwa kontrakta mmoja kutoka Mombasa, nywele zimepakwa mafuta, leso mfukoni, mtu wa maneno matamu. Alikuwa amepewa kazi ya kutia mawe barabara za hoteli, na mtu fulani akamwambia kuna mawe yaliyokwisha vunjwa yamelala bure.

Mamangu hakusalimia. Kwa mtu wa pwani kuacha salamu, jua mambo yameharibika.

"Mnachimba sakafu ya watu," alisema.

"Sakafu ya nani, bi mkubwa? Hii ni mali ya jeshi, na jeshi limeondoka."

"Jeshi liliilipia. Walioifanya ni sisi, wanawake wa hapa. Nilimzaa binti yangu huyu papa hapa, tukishindilia."

Kontrakta akanitazama mimi, akamtazama mamangu, akacheka mpaka akatoa leso. "Bi mkubwa, uwanja wa ndege za vita, wafanywe na wanawake kwa vigogo? Huu ni wa mitambo ya Wazungu. Mimi ni mtu wa ujenzi, usinipe hadithi." Vijana wake nao wakacheka.

Lo! Nilipandwa na hasira nikaona giza. Ningekuwa na kipande mkononi ningekuwa jela mpaka leo. Lakini nilipomwangalia mamangu niliona kitu ambacho sikupata kukiona: alikuwa ameinamisha uso. Na huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kushindwa na mtu kwa maneno. Hapo nilifahamu. Uwanja ule ndio uliokuwa shahidi wake. Ukishapakiwa kwenye malori na kumwagwa barabarani, atabaki na maneno matupu, na maneno ya mwanamke maskini, nani huyaweka? Wajukuu zake wangemcheka vilevile alivyochekwa pale, na mimi ningekuwa mtoto niliyezaliwa mahali pasipokuwapo.

Tukaenda kwa afisa wa tarafa. Alikuwa kijana wa bara, mwungwana, amekaa kwetu miezi michache, na Kiswahili chake kilikuwa kinatutia kicheko tukifika nyumbani. Mbele yake hatukucheka. Mamangu alimweleza yote.

"Sasa mama, mimi nitafanya aje?" akasema. "Barabara ni maendeleo. Hii nchi ni yetu sasa."

"Nchi ikiwa yetu, mwanangu, na uwanja si wetu?"

Afisa akajikuna kidevu. Kontrakta, ambaye alikuwa ametufuata na lori lake, akadakia kwamba ule si uwanja, ni mahali pa kuanikia muhogo. Ndege haijatua pale tangu vita viishe, na ikijaribu itavunjika vipande vipande.

"Sikia," afisa akasema mwishowe, na naona alitaka kutuondoa ofisini. "Kama ni uwanja wa ndege, Serikali haiwezi vunja. Kama ni mawe, achukue. Mimi sijui ndege. Malori yasimame mpaka Jumamosi. Mkipata ndege itue hapo, ni uwanja. Ikikosa, mama, tafadhali, tusisumbuane tena."

Kontrakta alitoka anapiga mbinja. Ndege! Wanawake wanaouza mbata watatoa wapi ndege? Mamangu naye aliniambia njiani, "Basi, mwanangu, imekwisha."

"Haijaisha," nikamwambia. "Mkweo anapika."

Mume wangu alikuwa akinihadithia habari za rubani mmoja, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa akileta wageni wa hoteli kwa ndege ndogo na kutua kwenye nyasi huko Diani. Mtu huyo alikuwa mtumwa wa kamba wa nazi. Haingii hotelini ila apitie jikoni kwanza kufunua sufuria. Basi nikafunga safari hadi Galu, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikamsubiri. Mume wangu alikuwa akinong'ona, "Utanifukuzisha kazi, mke wangu, utanifukuzisha kazi." Nikamwambia akoroge mchuzi wake.

Rubani alipokuja nilimpa shikamoo, ijapokuwa hakunizidi sana umri, kisha nikamwaga yote. Alinisikiliza huku anakula. Nilipofika pale pa kuzaliwa, akaacha kula.

"Wewe umezaliwa juu ya njia ya ndege?"

"Kando yake."

"Hata mimi sijazaliwa hivyo," akasema, "na mimi ndiye rubani." Akacheka, lakini si kicheko cha kontrakta.

Kesho yake alikuja na motokaa. Akaiendesha uwanjani toka mwanzo hadi mwisho, mbio, akarudi mbio. Akashuka, akagonga kwa kisigino hapa na pale. Kisha akatupa masharti: shimo lizibwe, vichaka vya miisho yote miwili vikatwe, muhogo uondolewe, na siku yenyewe asione mbuzi, wala jiwe, wala mtu katikati ya njia. Jumamosi asubuhi atakuja. Akaongeza, "Kama sitapenda ninachokiona nitarudi zangu. Nina mke pia."

Sikiliza, niliona kazi juma lile. Wanawake walitoka vijiji vyote vilivyoshindilia, wengine wazee wanaoshikwa mkono. Vipande vilivyokuwa vimegeuzwa vigoda na vizuio vya milango vikatolewa. Tukachoma chokaa, tukamwaga kokoto ndani ya lile shimo, tukapanga safu. Ndipo nikausikia kwa masikio yangu wimbo niliozaliwa nao:

*Piga, shoga, piga, usiinue macho,*
*mgeni yu juu, na chini ni kwako.*

Mamangu aliongoza. Nilipopiga nje ya mahadhi alinitwanga kofi la bega mbele ya watu, mke wa mtu, mtu mzima! Shimo lilipokwisha, walibadilisha wimbo. Kulikuwa na ubeti wa kufungia kazi, na ubeti huo ulikuwa amri. Ukiimbwa, kila mwanamke huokota vyake na kutoka pembeni, na walio mbele huudaka na kuupeleka kwa wanaofuata, maana uwanja ni mrefu na sauti ya mtu mmoja haifiki:

*Kila mtu chake, tokeni njiani,*
*kazi imekwisha, twende nyumbani.*

Jumamosi ikafika. Afisa alikuja na askari wawili. Kontrakta alikuja na malori yake, injini zinanguruma, akavuta kiti chake kivulini. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya bendera. Na uwanja? Mwanangu wee, ulikuwa umefagiliwa mpaka unang'aa. Na juu yake tulikuwa tumetandika majamvi.

Ndiyo. Majamvi. Toka mwanzo hadi mwisho.

Usituone wajinga. Rubani alitaja mbuzi, akataja jiwe, akataja mtu. Jamvi hakulitaja. Na sisi kwetu mgeni wa heshima akija hupokelewa kwenye udongo mtupu? Ataingia ahera na aibu gani mwenye nyumba? Jana yake jioni mwanamke mmoja alisema tu, "Jamani, tumemwita mtu na hatukumtandikia," na usiku ule hakuna aliyelala na jamvi nyumbani kwake. Walileta hata mikeka ya harusi, ile ya rangi, ambayo mume mwenyewe hakaribishwi kuikalia. Kila kijiji kikatandika sehemu yake na kushindana na jirani kwa uzuri. Mimi mwenyewe nilitandika, na nilisifiwa.

Ndege ikasikika upande wa bahari. Vigelegele! Ikaja, ikashuka chini, chini zaidi, nikamwona rubani kabisa, kisha ikapanda juu ghafla na kupita.

"Anatusalimia!" watu wakapiga makelele. Tukapunga kanga. Akazunguka, akaja tena, akashuka, akapanda tena. Alikuwa ametoa mkono dirishani anautikisa kwa nguvu. "Jamani, mtu huyu ana adabu!" mamangu akasema, naye akapunga mikono yote miwili.

Nilimwona kontrakta amesimama kutoka kitini, anatabasamu. Na safari hiyo upepo wa ndege ulikuwa umeinua mkeka mmoja, ukapeperuka juu kama karatasi, ukaanguka kichwani kwa askari. Nikaona akili inanijia yote kwa mpigo mmoja: mkeka kama ule ukiingia kwenye panga la ndege, tumemwua mgeni wetu.

"Majamvi! Kunjeni majamvi!" Nilipiga ukelele mpaka koo likaniuma. Nani anisikie? Ngurumo ya ndege, vigelegele, malori, watu mia wanasema kwa pamoja. Nikakimbia kwa mamangu, nikamshika mabega, nikamwonyesha mkeka, nikamwonyesha ndege. Akanitazama. Akaitazama ndege, ambayo sasa ilikuwa inageuka mbali kule, na wote tulijua kwamba ikigeuka kuelekea Diani haitarudi.

Mamangu hakupiga ukelele. Alivuta pumzi na kuanza kuimba.

*Kila mtu chake, tokeni njiani!*

Wanawake wa kijiji chetu wakanyamaza vigelegele papo hapo, kama waliokatwa. Wakaudaka. Mikono yao ikafanya kabla vichwa havijauliza, wakainama, wakakunja, wakatoka kando. Wa sehemu ya pili wakausikia, wakaupokea. Wa tatu wakaupokea. Ukaenda, Wallahi niliuona ukienda, wimbo unakimbia uwanja mzima na nyuma yake njia inabaki nyeupe. Vikongwe walikuwa wanakunja majamvi yaliyowazidi urefu. Mpaka ulipofika mwisho kule kwenye shimo tulilolishindilia wenyewe, hapakuwa na unyasi juu ya uwanja ule.

Ndege ikarudi. Ikashuka, na safari hii haikupanda. Ikagusa chini, vumbi dogo tu, ikapita mbele yetu ikitiririka laini bila kurukaruka, ikapita sehemu ya kijiji hiki na kile, ikapita juu ya lile shimo, ikasimama. Kisha sijui nani alianza vigelegele, lakini nililia, nikacheka, nikamkumbatia mtu ambaye baadaye nilitambua kuwa ni askari.

Rubani alishuka anafuta jasho. "Mmetaka kuniua kwa mikeka!" akasema. Nikamwambia, "Tusamehe, bwana, ilikuwa ni heshima." Akasema heshima ya namna hiyo hajapata kukutana nayo, na kwamba hakuna nyasi za Diani zilizompokea vizuri kama sakafu hii.

Afisa wa tarafa akaja kusimama katikati ya njia. Mtu yule alipokuwa anasema kwa sauti, hata Kiswahili chake kilinyooka. Akamwambia kontrakta mbele ya watu wote: "Huu ni uwanja wa ndege. Malori yatoke. Mawe utatafuta kwingine." Kisha akamgeukia mamangu. "Na kila mtu asikie. Uwanja huu ulishindiliwa na kina mama wa hapa. Mtu akisema vingine, aje kwangu aulize."

Kontrakta, nimpe haki yake, hakukimbia. Alikuja mpaka mbele ya mamangu, akajipangusa uso kwa leso yake, akasema, "Bi mkubwa, nimeshindwa. Nami ni mtu wa ujenzi, nakubali kazi nikiiona."

"Marahaba, mwanangu," mamangu akajibu, ijapokuwa hakuna shikamoo iliyotolewa. Watu walivunjika mbavu.

Rubani alikuwa amefungua mlango wa ndege. Alisema ana nafasi ya mtu mmoja, mzunguko mmoja tu, na kwamba afisa kama mkubwa wa Serikali ndiye aliyestahili. Afisa akarudi nyuma, akasema yeye ana mkutano. Tulijua hana mkutano. Basi rubani akatutazama sisi.

"Mama zetu wameijenga njia hii," nikasema kwa sauti, maana hasira zangu za juma zima zilikuwa bado hazijaisha, "na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda. Apande mamangu!"

Nilidhani atakataa. Alijifunga kanga vizuri, akauliza, "Nakaa wapi?" na akapanda bismillahi mdomoni. Alikuwa hajapata hata kupanda motokaa. Ndege ikaondoka na mamangu. Nikaitazama inapanda juu ya mikorosho, inakuwa ndogo, inageuka, inatupita juu kabisa, na mimi chini nimeshika viatu vyake mkononi kwa sababu alivivua kabla ya kuingia, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu.

Ilipotua tena watu walimzunguka hata mlango haufunguki. Kila mtu na swali lake. "Umeiona bahari?" "Umeona Shimoni?" "Wasini je, umeiona?" "Mombasa inaonekana?" Alishuka polepole, nikampa viatu, hakuvivaa.

"Bahari sikuitazama," akasema. Akawatafuta wenzake kwa macho, wale waliomzungushia kanga, akawaona wamesimama pamoja, akawaambia wao peke yao, kwa sauti ya kazini:

"Mashoga, njia imenyooka. Toka kwetu mpaka kwenu, haikupinda popote."